Mwanakheri na Sahani Isiyovunjwa

Alitawala katika mji wa Shangarai Sultani Ghalibu bin Masudi, na mji huo ulikuwa na minara saba na visima sabini na masoko yasiyo idadi, na sultani mwenyewe alikuwa na kilemba kirefu kuliko akili yake, lakini kwa kuwa hakuwa mtu wa kukata watu vichwa, raia walimwombea umri na kumwacha aketi. Na katika zama zake alikaa humo tajiri aitwaye Bwana Farijala bin Athmani, mfanyabiashara wa udi na ambari na zafarani, nyumba yake ikinukia tangu kizingitini hadi ghalani, pamoja na mkewe Bi Thuwaiba na binti yao mmoja tu, Mwanakheri, mwenye umri wa miaka saba na mapengo mawili ya mbele. Hawakuwa na dhiki. Hata siku moja homa ikaingia nyumba ile bila hodi, ikamkuta Bi Thuwaiba, na siku ya tatu akafa.

Na mji wa Shangarai ulikuwa na ada yake, ambayo wageni waliicheka mwaka wa kwanza na kuishika mwaka wa pili. Mama wa nyumba akifa, sahani aliyokuwa akilia chakula haichanganywi tena na vyombo vingine. Huwekwa jamvini mahali pake siku arobaini, na kila mlo mtoto wake huitilia tonge moja, si zaidi, na tonge hilo baadaye hupewa kuku. Siku ya arobaini, hitima ikiisha, mtoto yule yule huifunga sahani katika kitambaa, akaibeba mpaka kwenye jiwe la kisima, akaivunja, na waliohudhuria husema: umekula, umeshiba, nenda salama. Basi, mambo yamekwisha, watu warudi kazini. Wazee walioweka ada ile hawakuwa wajinga. Walijua kwamba siku arobaini zinamtosha maiti, na kwamba baada ya hapo anayekula si maiti.

Sahani ya Bi Thuwaiba ilikuwa nyeupe, na chini kabisa imechorwa samaki wa buluu, ambaye hakuonekana mpaka wali umalizike. Mwanakheri alitia tonge lake siku zote arobaini bila kukosa. Lakini siku ya kuivunja alichukua jikoni sahani nyingine ya kadiri ile ile, akaifunga katika kitambaa, akaipiga jiweni mbele ya watu, na watu wakasema maneno yao na kwenda zao. Baba yake hata hakuangalia vizuri. Mawazo yake yalikuwa kwenye msafara uliomngoja langoni. Ile ya samaki ilikuwa ghalani, nyuma ya magunia ya udi.

Alikuwa na sababu, na sababu hiyo hakumwambia mtu. Siku ile ambayo homa ilianza, asubuhi, Mwanakheri alikuwa akiruka ruka jikoni alikokatazwa kuruka, akaangusha kibuyu cha samli, samli yote ikamwagika. Mama yake akampiga kofi shavu la kushoto, akamgeuzia mgongo, asiseme naye tena. Magharibi homa ikampanda. Tangu hapo alisema maneno ya wagonjwa tu, maji na baridi na nani yupo mlangoni, na juu ya samli hakusema kitu. Kwa hiyo mtoto alikuwa akimdai marehemu neno moja, hasira imekwisha. Na utamvunjia vipi sahani mtu ambaye bado amekukasirikia?

Siku ya arobaini na moja, adhuhuri, watu wamejilaza, Mwanakheri alipanda ghalani na tonge la wali mkononi, akaliweka juu ya samaki wa buluu. Mara akaingia dirishani ndege wa kijani, mdomo mwekundu, shingoni amezungukwa na mstari mweusi kama wanja, akalila tonge, akajifuta mdomo kulia na kushoto, akasema kwa sauti ya Bi Thuwaiba, sauti ile ile yenye mkwaruzo kidogo mwishoni:

"Mwanangu, umekaukia wapi? Njoo nikuone."

Mtoto akaketi juu ya gunia. Na ndege, kwa kuwa majini wa kabila lake hawana ruhusa ya kusema uongo juu ya asili yao, akamweleza kwamba yeye ni jini Zabarjadi bin Zahluli, kwamba amefungwa na sahani ile, na kwamba maadamu ni nzima na mkono wake unailisha, hana budi kumtumikia. Kisha akamwuliza anataka nini. Mwanakheri akasema anamtaka mama. Jini akajibu kwamba atampa kila siku kiasi ambacho mtoto mwenyewe atamkabidhi. Mtu mzima angesimama hapo akauliza maana yake. Lakini mtoto wa miaka saba huisikiliza sauti, hayapimi maneno.

Wakati huo huo Bwana Farijala alikuwa akitafuta wa kumlea binti yake. Aliwaendea dada zake watatu, na wote walimlilia mtoto machozi mengi mno, kisha mmoja akasema nyumba yake ni ndogo, na wa pili akasema mumewe hapendi kelele, na wa tatu akasema moyo wake ni laini, hawezi kumtazama yatima kila siku. Akaishia kwa mjane wa mtaa wa visima, Bi Mize binti Kombo, mkamuaji wa mafuta ya nazi, ambaye alikuwa amezika mume na watoto watatu na hakuwa amebakiza machozi ya kumwaga ovyo. Akakubaliana naye ujira, akamwonyesha jiko, akapanda ngamia wake.

Bi Mize aliingia na mkeka wake na chungu chake, na jambo la kwanza alilofanya ni kumkalisha mtoto baina ya magoti yake kumsuka. Alisuka kwa nguvu mpaka macho yakavutika. Mwanakheri akalia kwamba mama yake alikuwa akisuka polepole.

"Mama yako alisuka kila juma," akasema Bi Mize. "Mimi nimeachiwa msitu. Kuku akitaga kichwani humu, mayai ndiyo basi tena."

Mtoto akamwambia mikono yake inanuka nazi.

"Inanuka kazi. Tulia."

Alipopika, Mwanakheri alisukuma sahani kando akasema hali mkono wa mgeni. Alingoja abembelezwe, maana shangazi zake wangembembeleza, wangemwimbia na kumwahidi halua. Bi Mize hakumtazama hata mara mbili. Alingoja kitambo, akaivuta sahani, akala wali ule wote mbele yake, akalamba vidole, akasema umeiva vizuri. Na kesho yake vile vile. Siku ya tatu mtoto akaanza kuchukua chakula chake na kupanda nacho ghalani, na Bi Mize akafikiri: maadamu anakula, na akale juu ya paa akitaka.

Lakini aliyekula hakuwa yeye. Mwanzo alimpa ndege tonge, kisha nusu, kisha sahani nzima, na kila alipoongeza, ndege aliongeza sauti. Alimwimbia wimbo wa kutwanga. Alimsimulia siku waliyokwenda kutazama fahali wa sikukuu, akaogopa, mama yake akambeba begani njia nzima. Na ghala lile la magunia likageuka bustani yenye mito ya marashi na miti ya komamanga, na zulia la hariri likitandikwa chini ya miguu yake, na vikuku vya dhahabu vikimwingia vyenyewe miguuni, na vijakazi wa kijini wakimpepea kwa mabawa ya tausi, na katikati ya hayo yote sauti ya mama yake ikimwita mwanangu, kipenzi changu, nuru yangu. Ikifika alasiri vikuku vilikuwa hewa na zulia vumbi. Mwanakheri alishuka ngazi akishika ukuta.

Naye chini alikuwa akimfanyia Bi Mize kila ubaya anaouweza mtoto. Alitia majivu katika unga. Aliutupa mkeka wake kisimani. Alimwita mgeni mbele ya watu, na majirani walipomhurumia mtoto, Bi Mize aliwaambia wanaomhurumia wamchukue, mlango uko wazi, na hakuna aliyevuka kizingiti. Siku moja mtoto aliuinamisha kwa makusudi mtungi mzima wa mafuta ya nazi, kazi ya siku nne, ukamwagika ua mzima. Bi Mize alimpinda sikio likawa jekundu, akampa majivu na kumbi la nazi, akamfanya asugue mawe moja moja tangu adhuhuri hadi alasiri, na mdomo wake haukupumzika: alimtukania uvivu, akamtukania ujeuri, akamwambia ana moyo wa ganda la nazi na ndani yake hata maji hamna.

Magharibi akamwita, akamkalisha baina ya magoti, akaanza kumsuka, kwa kuwa ilikuwa siku ya kusukwa. Mwanakheri alikaa amejikunja, akingojea. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo:

"Bado umekasirika?"

"Nilikasirika adhuhuri," Bi Mize akasema, na kichana kiko mdomoni. "Sasa ni magharibi, nina kichwa cha kusuka na dengu za kuchagua. Nani ana nafasi ya kukasirika kutwa? Inamisha shingo."

Mtoto akainamisha shingo. Neno lile aliondoka nalo.

Siku chache baadaye Bi Mize alimwona mbavu zinahesabika chini ya kanzu, akashangaa chakula kinakwenda wapi. Akafikiri labda mapishi yake hayampendezi, akamwuliza, bila bashasha lakini bila ubaya, uji wa mama yake ulikuwa na iliki au tangawizi. Mwanakheri akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akasimama hivyo, kama mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta mlango umehamishwa, kisha akasema:

"Ngoja nikaulize."

Akapanda ngazi mbio, akarudi, akasema iliki.

Bi Mize akaweka mwiko chini. "Umemwuliza nani?"

Mtoto akakimbilia uani. Kesho yake adhuhuri Bi Mize alivua viatu akamfuata hadi ghalani. Yeye hakuona bustani, hakuona mito wala tausi. Aliona ghala lenye vumbi, na mtoto amekonda ameketi juu ya gunia akitabasamu peke yake, na ndege mnene kama bata akila wali ndani ya sahani yenye samaki, huku akisema kwa sauti ya mwanamke. Akatambua yote mara moja, kwa kuwa alizaliwa Shangarai. Akasogea akamwamkia ndege, kwani hata jini huamkiwa, kisha akamgeukia mtoto.

"Mama yako alikuwa na alama gani usoni?"

Mwanakheri akatafuta, akatafuta. Ndege akajibu kwa niaba yake, mdomo umejaa: "Kidoti juu ya mdomo, upande wa kulia."

"Alikuwa akinuka nini?"

"Asumini na karafuu," akasema ndege.

"Unasikia, mtoto wewe?" akasema Bi Mize. "Anachokijua yeye, wewe hukijui tena. Hakuletei kitu toka kuzimu. Anakitoa ndani mwako, anakuonyesha, anameza. Wali ni kitoweo tu."

Mwanakheri akamrukia akamwuma mkono mpaka damu ikatoka. Bi Mize akamwacha aume, alipochoka akamwondoa kama mtu anavyoondoa kupe, akafunga mkono kwa upindo wa kanga. Sahani ilikuwa karibu na mguu wake na angeweza kuiponda kwa teke moja, lakini hakuigusa, kwani katika ada ile sahani ya marehemu huvunjwa na mkono ulioilisha, na mkono mwingine ukiivunja, jini huwa hana tena chombo cha kumfunga, naye huingia ndani ya aliyemlisha na kukaa humo. Alimweleza mtoto jambo hilo waziwazi, akasema ivunje mwenyewe, leo, ungali unajua jina lako. Mtoto akaziba masikio. Bi Mize akashuka akapika chakula cha jioni, maana chakula hakipikwi na huzuni.

Bwana Farijala aliporudi safarini, Bi Mize alimweleza habari yote mwanzo hadi mwisho, akamsihi azungumze na binti yake kama baba. Naye alisikiliza habari nzima, na kati ya habari nzima alilolishika ni kwamba ana ndege asemaye. Kesho yake alikwenda barazani kwa sultani kumsimulia.

Sultani Ghalibu akaja mwenyewe, mchana kweupe, na waziri wake Hanzuruni na wapiga zumari na mbeba mwavuli na mbeba mkeka na mbeba chombo cha mate, ngazi ya ghala ikalia chini yao. Akaambiwa kwamba ndege husema akilishwa, akachukua tonge kwa vidole vyake vitukufu, akaliweka juu ya sahani. Ndege akala, akajifuta mdomo, akasema kwa sauti ya bibi mzee:

"Ghalibu, kaa sawa. Na toa kidole puani."

Watu wa baraza wote wakatazama sakafu. Lakini sultani machozi yalimtoka yakalowesha ndevu, kwani mama yake alikuwa amekufa miaka thelathini. Alipopata pumzi alisimama akanyoosha kilemba, akatamka kwa kauli ya kifalme:

"Ewe Farijala, mtiifu wetu na mwaminifu wetu, fahamu ya kwamba tumeridhia. Ndege huyu, na sahani hii anayolia, na binti huyu anayemlisha, watahamia katika kasri yetu tangu leo. Binti atavikwa zari, na atakaa chumba cha marumaru, na hatakuwa na kazi nyingine umri wake wote ila kulisha. Na wewe utapewa makasha matatu ya lulu."

Bwana Farijala alikuwa ameinama kushukuru kabla lulu hazijatajwa, na zilipotajwa akainama zaidi.

Hapo Bi Mize akatoka kwenye kona ya magunia, mkono umefungwa kanga, akapiga magoti kwa adabu zote.

"Maulana Sultani, Mungu akuzidishie umri. Mimi ni mkamua mafuta, sina elimu, naomba ruhusa ya swali moja. Mama yako, Mola amrehemu, alikuwa akikuita jina gani ulipokuwa mdogo?"

Sultani akacheka kwa kuwa swali lilikuwa jepesi, akafungua kinywa. Akakifunga. Akakunja uso, akamtazama waziri, na waziri akakohoa akatazama dari.

"Umetoa tonge moja," Bi Mize akasema, "umeondokewa na jina moja. Mtoto huyu ametoa wali wa miezi mitatu. Ukimpeleka kasrini, kabla ya mwaka utakuwa na ndege mnene na nguo ya zari isiyo na mtu ndani."

Na kila mwenye akili angefahamu. Lakini sultani alifikiri kidogo, akasema haidhuru, jina lile nitamwuliza ndege. Akaashiria askari walete kizimba.

Jini Zabarjadi naye aliona kwamba saa yake imefika, akashuka toka kwenye sahani akaja mpaka magotini pa Mwanakheri, akasema kwa sauti ya Bi Thuwaiba, laini kuliko siku zote:

"Mwanangu, limebaki jambo moja tu ndani yako ambalo hujanipa. Nalihisi, limejikunja pembeni. Nikabidhi hilo nitimie, na manyoya haya nitayavua hapa hapa mbele ya sultani na watu wake, nisimame na miguu na mikono, nikushike tushuke wote jikoni. Hutamhitaji mgeni tena."

Mwanakheri alijua ni jambo gani. Miezi yote ile alikuwa ametoa fahali wa sikukuu na wimbo wa kutwanga na harufu ya asumini na kidoti, lakini samli hakuitoa, kwa aibu, na kwa hofu kwamba akiitaja, sauti ile itajibu kwamba hasira haijaisha. Akamtazama ndege. Akamtazama Bi Mize, aliyekuwa amepiga magoti bado, hamwiti, hamwonyeshi ishara, ameuma midomo kama mtu anayengojea maji yachemke. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa nyembamba:

"Siku ile ulinipiga shavu gani?"

Ndege akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. Akatafuta ndani ya vyote alivyokuwa amemeza, asikute kofi.

"Nuru yangu," akasema, "mimi sijakupiga hata siku moja."

Mtoto akajishika shavu la kushoto.

"Basi wewe si yeye," Mwanakheri akasema. "Yeye alinipiga. Na ilikuwa asubuhi. Angefika magharibi na afya yake, hasira ingekwisha."

Akainyanyua sahani kwa mikono miwili, mikono ilikuwa myembamba na sahani ikamlemea, akaipiga juu ya jiwe la mizani ya udi. Samaki wa buluu akapasuka vipande vitatu. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekumbuka maneno, Bi Mize aliyasema peke yake, kwa sauti kavu: umekula, umeshiba, nenda salama. Ndege akavimba, akatoa kilio cha sauti nyingi pamoja, za watu wengi waliosahauliwa, akawa moshi wenye harufu ya udi duni, akatoka dirishani.

Na vyote alivyokuwa navyo vikaenda naye. Hilo lisifichwe. Wako wasimulizi ambao wangesema jini alipasuka na kumbukumbu zikamrudia mtoto kama mvua. Lakini kilichomezwa kimemezwa. Alipogeuka, Mwanakheri hakuwa na uso wa mama yake, wala sauti, wala wimbo, wala harufu, wala bega la siku ya fahali. Alikuwa na kofi moja, shavu la kushoto, na mgongo uliogeuka. Akamwendea Bi Mize akamshika upindo wa kanga.

"Mama yangu alikuwaje?"

Mwanamke mwingine angemtungia mama. Ingekuwa rahisi, na mtoto angeshukuru.

"Simjui," Bi Mize akasema. "Nilipokuja alikuwa keshazikwa."

Siku zilizofuata alimchukua mkono wakazunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, wakawauliza wanawake Bi Thuwaiba alikuwaje, na mmoja akasema alikuwa mrefu, na mmoja akasema alikuwa mfupi, na mmoja akasema alikuwa mtu mwema sana kisha asikumbuke wema gani. Shangazi zake watatu walilia tena. Mtoto alisikiliza yote kama mtu anayesikiliza habari za mji asiofika. Jioni Bi Mize akaweka wali mbele yake kwa mkono ule ule uliofungwa kanga, na Mwanakheri akala. Alikula mpaka mwisho akaikwangua sahani, na chini yake hapakuwa na samaki.

Sultani kwanza alighadhibika akataka watu watiwe gerezani, lakini waziri Hanzuruni akamnong'oneza kwamba angeendelea na ndege yule, kabla ya mwezi angesahau kwamba yeye ni sultani, na wapo ndugu zake ambao wangefurahi kumkumbusha vingine. Akaogopa, akatoa kasha moja la lulu kwa shukrani. Akapewa Bwana Farijala, ambaye hakuwa amefanya lolote. Ndivyo mambo yalivyo huko juu. Kwa lulu zile alioa binti wa kadhi mwenye miaka kumi na tisa, akajenga nyumba ya pili. Na sultani hadi mwisho wa umri wake alikuwa akiwauliza watu wa baraza mama yake alimwita jina gani, nao wakimtajia Simba na Johari na Taji la Zama, na yeye akitikisa kichwa.

Mwanakheri alikua, akawa mwanamke mwenye sura na haya na ulimi mkali aliojifunza nyumbani, akaposwa na Nadhiri mtoto wa waziri, na harusi ikapigwa siku saba, na ngoma na vyetezo vya udi na vijakazi wasiohesabika. Kiti cha mama wa bibi harusi alikaa Bi Mize, mikono kaifumbata, akasema pilau haina chumvi. Mwanakheri hakumwita mama siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Alimwita Bi Mize, na Bi Mize hakuomba kingine.

Naye Bi Mize akafa akiwa mkongwe, adhuhuri moja, katikati ya kulalamikia kuni mbichi. Na Mwanakheri akachukua sahani yake, ya udongo, iliyomeguka ukingo, akaiweka jamvini. Wanawake wa ukoo wa mumewe wakamwambia kwa upole kwamba ada ile ni ya mama wa nyumba, na marehemu alikuwa mwajiriwa. Mwanakheri aliwatazama, akatia tonge. Akatia siku zote arobaini. Na siku ya arobaini hakungoja watu wakusanyike, hakungoja hata hitima isomwe. Alfajiri imekwisha tu, alikwenda kwenye jiwe la kisima akaivunja kwa pigo moja, akasema maneno, akarudi nyumbani kuwasuka binti zake, na aliwasuka kwa nguvu.

Basi anayechukua kulea mtoto wa mwingine asiende na bakuli la kuomba mapenzi. Aende na chungu chake na apike. Na aliyefiwa, siku ikifika, avunje. Kitakachobaki ndicho chake, hata kikiwa kofi. Shangarai imeishia hapa, na mwenye kitu jikoni akakitazame kisiungue.